Mwalimu mstaafu aliyekuwa akilala mapema mno

Kisa hiki ni cha mwanamke wa miaka 64, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, anayeishi Msalato, kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Ameridhia kiandikwe, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa hata baada ya kustaafu mtaa mzima haumwiti vingine.

Lalamiko lililomleta kliniki lilitajwa na binti yake kabla Mwalimu hajakaa vizuri kwenye kiti. "Mama halali. Mwaka wa pili huu." Mwalimu akamsahihisha kwa sauti ya darasani: "Nalala. Ila usingizi wangu unaisha saa nane." Kuanzia saa nane usiku hadi kunakucha anageuka upande huu na upande ule, anaangalia saa kwenye simu, anahesabu zimebaki ngapi. Mchana kichwa kizito, anasahau alichokifuata jikoni, anasinzia kanisani. Lililomuuma kuliko yote lilikuwa jingine. Alisema amefundisha watoto wa watu miaka zaidi ya thelathini bila kuwafokea, na leo anamfokea mjukuu wa miaka saba kwa sababu kamwaga maji. Alisema hivyo akiangalia chini. Ningesema hilo ndilo lililomtoa nyumbani, kuliko uchovu wenyewe.

Tunasema mtu ana tatizo sugu la kukosa usingizi pale anaposhindwa kuupata, au kuudumisha, au anapoamka mapema mno, angalau mara tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, ingawa nafasi ya kulala anayo, na mchana wake ukaathirika. Mwalimu alikuwa amevuka mpaka huo siku nyingi. Kwenye dodoso la maswali saba linalopima ukali wa tatizo hili, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 28, alipata 21.

Mbona alichelewa hivyo? Hapa Dodoma ipo sababu moja inayonisikitisha kila ninapokutana nayo. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapa hapa mjini, na jina lake watu wamelifanya tusi. Ukisema unakwenda kumwona mtaalamu wa afya ya akili kwa sababu hulali, kuna atakayekujibu, "Kumbe umeshafika Mirembe." Mwalimu aliogopa neno hilo kuliko alivyoogopa kukesha. Akajitibu mwenyewe, na katika kujitibu huko tatizo likaota mizizi.

Chanzo chake kilikuwa wazi. Mumewe alipata kiharusi, upande mmoja ukapooza, na kwa mwaka na miezi kadhaa Mwalimu alimuuguza nyumbani. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isife na kufanya vidonda vya mgandamizo. Mwalimu aliifuata ratiba hiyo kwa nidhamu ya kengele ya shule, usiku na mchana. Mzee alifariki bila kidonda hata kimoja, na anapolisema hilo bado uso wake unanyooka. Matanga yakaisha, ndugu wakarudi Kongwa na Dar es Salaam, yeye akabaki na wajukuu wawili na nyumba iliyonyamaza. Kukosa usingizi katika majuma ya msiba ni jambo la kawaida kabisa, na kwa watu wengi huisha polepole kadiri maisha yanavyorudi. Kwake halikuisha.

Arthur Spielman, mtaalamu wa usingizi wa Marekani, alieleza pamoja na wenzake mwaka 1987 kwamba katika tatizo hili ni lazima kutenganisha mambo matatu: yale yanayomfanya mtu awe mwepesi kulipata, yale yanayoliwasha, na yale yanayoliendeleza. Naliona jambo hili la tatu kuwa ndilo moyo wa kisa cha Mwalimu. Msiba ndio uliowasha, lakini miezi ishirini baadaye haukuwa tena ndio unaomkesha. Kilichokuwa kikimkesha ni juhudi zake za kuutafuta usingizi.

Alianza kuingia kitandani mapema ili "afidie." Taarifa ya habari ya saa mbili ikimalizika, yeye huyo chumbani. Mchana baada ya chakula alijilaza chini ya mwembe, na mara nyingi akapitiwa saa nzima au zaidi. Ili achangamke alikunywa chai ya rangi iliyokolea majani, kikombe cha mwisho saa moja jioni. Alinunua Piriton, dawa ya mzio na mafua ambayo watu wengi huimeza kwa sababu inaleta usingizi. Ilipoacha kumsaidia, jirani akampa jina la kidonge kingine, akakipata bila cheti: diazepamu ya miligramu 5, kila usiku, kwa zaidi ya mwaka. Kidonge cha presha, ambacho ni cha aina inayoongeza mkojo, alikimeza usiku ili asikisahau, kisha akaamka mara tatu kwenda chooni. Choo kiko nje. Anayejua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba ataelewa kwamba ukishatoka nje saa saba usiku, hata usingizi uliokuwepo hautakusubiri mlangoni.

Kabla ya kupanga lolote tulikagua yale yanayoweza kujificha nyuma ya kukosa usingizi. Binti yake, anayelala naye chumba kimoja anapokuja, alisema mama hakoromi wala hakati pumzi. Miguu haimsumbui usiku kwa ile hali ya kutaka kuichezesha. Hana maumivu ya kudumu. Huzuni anayo, lakini bado anafurahia kwaya yake, anakula, anaipenda bustani yake ya mchicha, na hana mawazo ya kutaka kufa. Kwa tathmini yetu hakuwa na sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Ningeomba hatua hii isirukwe kamwe, kwa sababu mtu mwenye sonona au anayekatika pumzi usingizini anahitaji kutibiwa kile kilichopo, na ratiba ya kulala peke yake itampotezea muda.

Kisha nikamwomba aandike shajara ya usingizi kwa wiki mbili. Nani wa kumfundisha mwalimu kuchora safu? Alileta daftari lililopigwa mistari kwa rula kama rejista ya mahudhurio: saa ya kuingia kitandani, saa ya kupitiwa, mara alizoamka, saa ya kutoka, usingizi wa mchana, chai, dawa. Wastani ulionyesha anaingia kitandani saa mbili na nusu usiku na kutoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Huo ni muda wa saa 9 na robo. Usingizi wenyewe ulikuwa saa 5 na dakika 20. Kwa hesabu, kati ya muda wote aliokaa kitandani, asilimia 58 tu ndiyo aliyolala. Kwa mtu anayelala vizuri, kiwango hicho huwa asilimia 85 au zaidi.

Nikampa kalamu afanye hesabu nyingine. Ukipitiwa saa mbili na nusu au saa tatu usiku, ukalala kwa muda wa saa tano na kitu, utaamka saa ngapi? Akakokotoa, akaniangalia. Saa nane.

Usingizi huongozwa na mambo mawili, kama Alexander Borbély wa Uswisi alivyoeleza mwaka 1982. La kwanza ni njaa ya usingizi inayojikusanya kadiri unavyokaa macho. La pili ni saa ya ndani ya mwili inayofuata mwanga na giza. Mwalimu alikuwa kama mtu anayekula andazi saa kumi na moja jioni kisha akalalamika kwamba chakula cha usiku hakishuki. Kulala chini ya mwembe kulipunguza njaa ile, na kuingia kitandani mapema kukaimaliza kabla ya usiku wa manane. Chai nayo iliifunika, kwa kuwa kafeini huzuia adenosini, kemikali ya ubongo inayotufanya tuhisi usingizi, na nusu ya kafeini uliyokunywa yaweza kuwa bado mwilini saa tano baadaye.

Lakini hesabu haikutosha, na hapa nitakaa kidogo. Mwalimu alikuwa na maelezo mengine ya saa nane, na hakuyatoa hadi tulipozoeana. Mama mmoja alimwambia hiyo ndiyo saa ya wanga, kuna mtu anamchezea. Mwingine akamwambia ni Mungu anamwamsha aombe. Akawa anaomba kitandani, gizani, huku moyo unakwenda mbio, nusu akimshukuru Mungu na nusu akisikiliza vishindo juu ya bati. Sikumbishia kwa lolote. Nilimuuliza tu kama kabla ya mzee kuugua alikuwa akiamka saa nane. Hapana. Na wakati anamuuguza? Alinyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole kama anavyofundisha darasa la kwanza: saa nne namgeuza, saa sita namgeuza, saa nane. "Hiyo ni zamu yangu," alisema. "Mwanangu, mimi bado naamka kumgeuza mzee."

Alilia, na binti yake akalia. Siwezi kuthibitisha kwamba mwili wake ulikuwa umeihifadhi zamu ile. Hesabu ya saa tano na kitu inatosha kueleza kuamka kwake. Ninachokijua ni kwamba tangu siku hiyo saa nane iliacha kumtisha. Hofu ni sehemu kubwa ya ugonjwa huu. Mtu akiamka katikati ya usiku, jambo ambalo sote hutupata bila kukumbuka asubuhi, yule asiye na hofu hujifunika upya. Mwenye hofu hushtuka, moyo ukaamka, na kazi ya kurudi kulala ikawa imeshashindikana.

Mpango wetu ulitoka katika tiba ya fikra na tabia kwa wanaokosa usingizi, ambayo Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 iwe tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu, kabla ya vidonge. Sehemu yake ngumu ndiyo inayowashangaza wagonjwa: asiyelala vya kutosha anapunguziwa muda wa kukaa kitandani. Kwa kufuata shajara tungempa muda wa saa 5 na nusu. Nilimpa saa 6, kwa sababu ya umri wake, presha yake, na hatari ya kuanguka akiwa na uchovu. Kuingia kitandani saa tano usiku, kutoka saa kumi na moja alfajiri, Jumapili na Jumatatu bila tofauti.

Alistuka. "Nimekuja unisaidie nilale, unanikesha?" Zaidi ya hapo aliamini kwamba asipolala muda wa saa nane kamili kwa usiku mmoja, presha itapanda na kiharusi kitamchukua kama kilivyomchukua mumewe. Sikumdanganya: kulala kidogo kwa miaka kunahusishwa na presha. Ila nilimwonyesha daftari lake mwenyewe, kwamba tayari analala muda wa saa tano na dakika ishirini, na ratiba hii haimpunguzii usingizi bali inaondoa ule muda wa kugaagaa. Tukakubaliana apimwe presha kila wiki kwenye zahanati iliyo karibu naye. Haikupanda.

Kanuni nyingine zilitoka kwa Richard Bootzin, aliyezieleza mwaka 1972. Kitanda ni cha kulala tu. Ukiona usingizi umekataa, kwa kukadiria kama dakika ishirini bila kuangalia saa, toka, keti mahali pengine penye mwanga hafifu, rudi pale macho yanapokuwa mazito. Simu ilihamia sebuleni. Maombi nayo yalihamia kwenye kiti cha sebuleni, tena jioni kabla ya kulala. Na akiamka usiku akitaka kuomba, aombe akiwa kitini. Hili alilipenda. Alisema kuomba umelala ni uvivu.

Mtihani wa kweli ulikuwa zile saa tatu, kuanzia taarifa ya habari hadi saa tano. Vitabu vinasema "fanya shughuli tulivu," lakini shughuli gani, kwa mama wa Msalato ambaye giza likishaingia mtaa mzima unafunga milango? Televisheni ilimsinzisha kwenye kochi. Kusoma kulimchosha macho. Suluhisho alilipata mwenyewe: gunia la karanga zilizovunwa msimu ule, zikiwa bado na maganda. Aliacha kochi, akakaa kwenye kigoda kisicho na pa kuegemea, akamenya karanga za mbegu huku mjukuu mkubwa akifanya hesabu za shule pembeni yake hadi muda wake wa kulala. Naliheshimu sana wazo lile. Mikono ina kazi, akili haina wasiwasi, na mgongo haupati pa kujisahau.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, na ningemwonya mapema yeyote anayejaribu njia hii kwamba itakuwa hivyo. Wastani wa usingizi ulishuka hadi saa 4 na dakika 50. Alipiga simu siku ya tano, sauti imechoka, akitaka kuacha. Jirani alikuwa ameshaona taa inawaka usiku wa manane na kuanza kuuliza maswali. Tulilishughulikia la jirani kwa binti kumweleza kwamba mama yuko kwenye matibabu. La kuacha tulilishughulikia kwa daftari: katika ule muda wa saa 6, alilala asilimia 81. Kutoka 58. Usingizi wake ulikuwa mfupi lakini ulikuwa umeanza kushikana. Akasema atavumilia hadi Jumapili.

Wiki ya pili alifika asilimia 86, tukamwongezea dakika kumi na tano. Hapo ndipo kanuni inapoanza kumpa mtu moyo: ukivuka asilimia 85 kwa wastani wa wiki, unaongezewa, usipovuka, unabaki ulipo. Mambo mengine yalikwenda haraka. Daktari alimhamishia kidonge cha presha asubuhi, safari za chooni zikabaki moja. Chai ya rangi ikakoma saa nane mchana. Alfajiri alitoka kufagia uwanja, akapata mwanga wa jua linapochomoza, ambao husaidia saa ya mwili kujipanga. Usingizi wa chini ya mwembe ulisimamishwa kabisa kwa muda.

Diazepamu tuliiacha kwanza kama ilivyokuwa. Kuna wanaosikia kwamba kidonge hiki kina madhara wakakitupa siku hiyo hiyo. Ni hatari. Mwili uliokizoea kwa muda mrefu ukikikosa ghafla unaweza kuleta wasiwasi mkali, kutetemeka, hata degedege. Kwa mtu wa umri wa Mwalimu kuendelea nacho pia ni hatari, maana nusu ya dawa inaweza kubaki mwilini zaidi ya siku nzima, na mzee anayeamka usiku akiwa na dawa hiyo damuni akienda choo cha nje anaweza kuanguka na kuvunja nyonga. Piriton haina unafuu kwa wazee: hukausha mdomo, huzuia mkojo, huvuruga kumbukumbu. Daktari alianza kupunguza diazepamu wiki ya nne, usingizi ulipokuwa umeshapata nguvu, robo kidonge kwa robo, kila robo kwa wiki mbili au zaidi.

Wiki ya sita alifiwa na shangazi Kongwa. Akakesha matangani usiku kadhaa, akilala kwenye mkeka kati ya kina mama wengine, na aliporudi nyumbani saa nane ikarudi naye. Aliogopa kwamba kazi yote imemwagika. Haikuwa hivyo. Tulimrudisha kwenye ule muda wa saa 6 kwa siku chache, tukasitisha kupunguza kidonge, na ndani ya wiki mbili alikuwa amefika pale alipoachia. Kwa maoni yangu msiba huo ulimsaidia kuliko maneno yangu, kwa kuwa alijionea kwamba usingizi ukivurugika anajua pa kuurudisha.

Wiki ya kumi alikuwa akiingia kitandani saa nne usiku na kutoka saa kumi na moja. Katika muda huo wa saa 7 alilala wastani wa saa 6 na dakika 10, sawa na asilimia 88. Alama za dodoso zilishuka kutoka 21 hadi 9. Bado kuna siku anaamka saa nane. Hugeuka, hulitaja jina la mzee, mara nyingi hulala tena. Asipolala hutoka akamenya karanga.

Njia hii ya kupunguza muda wa kitandani haimfai kila mtu bila daktari kuwa karibu. Mwenye kifafa anaweza kupata degedege kwa kupunguziwa usingizi. Mwenye ugonjwa wa hisia unaompandisha na kumshusha, ambao kwa Kiingereza huitwa bipolar, anaweza kupandishwa. Na dereva wa lori au bodaboda hatakiwi kuianza huku akiendelea kushika usukani, maana zile wiki mbili za mwanzo humfanya mtu asinzie.

Tulipoonana mara ya mwisho alikuwa amebakiza robo ya kidonge, na alikuwa na swali moja tu: mwembe wake lini? Nilimruhusu nusu saa, iishe kabla ya saa nane mchana, mjukuu akiwa ndiye wa kumwamsha, na aendelee kuiandika kwenye rejista ili wiki ijayo tuone kama imeugusa usiku.